Moyo Ulioambiwa Umeshindwa

Wahenga walinena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hawakusema lolote, hata hivyo, kuhusu mtu anayepewa jibu zito kiasi cha kumnyima hata nafasi ya kuuliza. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa viunga vya mji wa Migori, alipewa jibu la namna hiyo asubuhi moja ya masika. Alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali, kamba za viatu zikiwa zimelegezwa kwa sababu miguu ilikuwa imevimba hadi karibu na magoti. Kwa majuma matatu alikuwa akilala ameegemea mito mitatu, maana kila alipolala chali pumzi ilimkatika kama mtu anayezama majini. Daktari kijana aliyekuwa zamuni alizisoma karatasi, akaitazama picha ya moyo, kisha akainua macho. Neno alilokuwa nalo lilikuwa la Kiingereza. Kwa heshima ya mvi za mgonjwa wake, akalitafsiri papo hapo: "Mzee, moyo wako umeshindwa."

Laiti angemwambia mtu mwingine! Huyu alikuwa amefundisha sarufi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alijua fika kwamba kiambishi -me- huonyesha hali timilifu: tendo limekwisha kutendeka na matokeo yake yangalipo. Chungu kimevunjika. Jua limetua. Mgeni amefika. Moyo umeshindwa. Hakuuliza swali lolote. Alichukua dawa zake, akamshukuru daktari, akapanda bodaboda hadi nyumbani, akaagiza kiti chake kitolewe nje na kuwekwa chini ya mwembe. Hapo ndipo alipokaa kwa muda wa miezi minne.

Si haki kumlaumu daktari yule. Alisomea udaktari kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna aliyempa maneno ya kumweleza mgonjwa ugonjwa wake kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa. Ni kweli kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini urasmi wa katibani haujashuka hadi kwenye benchi la wagonjwa. Hapo, kila siku, madaktari na wauguzi hufanya kazi ya ukalimani bila kufunzwa ukalimani, na neno moja lililokosewa linaweza kumfanya mtu akae kitako miezi minne akingoja kufa.

Ukweli wenyewe ni kwamba moyo wa Mwalimu haukuwa umeshindwa kwa maana aliyoielewa. Moyo ni pampu. Husukuma damu kwenda mapafuni na kwenda mwilini, mchana na usiku, bila likizo. Shinikizo la damu likiwa juu kwa miaka mingi bila kutibiwa, misuli ya moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu kupita kiasi, mwishowe ikachoka, ikatanuka au ikakakamaa. Hapo damu husukumwa kwa kiasi kisichotosheleza mahitaji ya mwili. Figo, zikidhani kuwa mwili umepungukiwa na maji, huyazuia maji na chumvi visitoke. Maji hayo ndiyo yanayovimbisha miguu na kujaa mapafuni mtu anapolala. Moyo wa namna hiyo ungali unapiga. Kinachouzidi ni mzigo. Zipo dawa za kutoa maji ya ziada, za kupunguza mzigo wa moyo na za kuutuliza mwendo wake, na wapo watu wengi wanaoishi nazo kwa miaka.

Wala huu si ugonjwa wa wazee wa nchi za mbali. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2012, uliowafuatilia wagonjwa 1,006 katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, uligundua kuwa wastani wa umri wa wagonjwa waliolazwa kwa maradhi haya ulikuwa takriban miaka 52. Huo ni umri wa mtu ambaye bado anasomesha watoto. Aidha, chanzo kikuu, kwa takriban asilimia 45 ya wagonjwa hao, kilikuwa shinikizo la damu. Katika Ulaya na Marekani, wagonjwa wengi huwa wamepita miaka 65, na mara nyingi chanzo huwa kuziba kwa mishipa ya moyo. Huku kwetu ni shinikizo la damu, maradhi ambayo hayaumi wala hayapigi hodi.

Mwalimu hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba moyo ulioshindwa hautumikishwi. Maji ya kuoga aliletewa na mkewe. Gazeti aliletewa na mjukuu. Jirani aliyepita alimwambia, "Pole Mwalimu, wewe pumzika tu," naye akapumzika. Hata kengele ya shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, ambayo kwa miaka mingi ilimfanya ainuke bila kutaka, sasa ililia akaiacha ilie. Aliyeona hatari mapema alikuwa mkewe. Alitambua kwamba mapaja ya mumewe yanapungua huku miguu ikiwa imevimba, na kwamba mtu aliyekuwa akisahihisha hata matangazo ya redio amenyamaza. Tena si vyema kuwacheka majirani kwa ushauri wao. Madaktari wenyewe, hadi miongo michache iliyopita, waliwaamuru wagonjwa wa namna hii kukaa kitandani. Imani hiyo ilibadilika polepole, na mwaka 2009 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 2,331 ulioonyesha kuwa mazoezi yaliyopimwa vyema ni salama kwa wagonjwa wa moyo wenye hali iliyotulia. Elimu hiyo, kama ilivyo ada ya elimu nyingi, ilichukua muda mrefu kufika chini ya mwembe.

Ilifika kwa njia ya Homa Bay. Dada yake mkubwa, mjane anayeishi nje kidogo ya mji huo, alipopata habari kwamba nduguye hainuki, alikuja na matatu ya asubuhi na kurudi naye siku hiyohiyo. Walipita katikati ya mashamba ya miwa ya Awendo, wakafika Rongo, wakakata kushoto kuelekea ziwani. Mwalimu alisafiri akiwa kimya, dirisha likiwa wazi kwa ajili ya pumzi yake. Walipoukaribia mji na kuona kilele cha Asego na, nyuma yake, maji ya Ghuba ya Winam, dada yake alimwambia maneno ambayo baadaye aliyarudia mara nyingi: "Ndugu yangu, umekuja kwangu kuishi. Kama ulikuja kufa, ungebaki kwako."

Katika nyumba hiyo alikuwepo binti wa dada yake, aliyesomea Kichina katika chuo kikuu jijini Nairobi, mji ambako Taasisi ya Confucius ya kwanza barani Afrika ilifunguliwa mwaka 2005. Pamoja na lugha, binti huyu alikuwa amejifunza tai chi kwa miaka mitatu. Kila alfajiri alisimama uani, kati ya banda la kuku na kamba ya nguo, akaisogeza mikono na miguu taratibu sana, kana kwamba hewa imegeuka uji. Mwalimu alimtazama siku ya kwanza, akamtazama siku ya pili, na siku ya tatu akamuuliza, "Mpwa wangu, unacheza au unasali?"

"Vyote sivyo, Mjomba. Ni mazoezi."

"Mazoezi gani yasiyotoa jasho?"

Swali hilo lilikuwa la kwanza kumtoka baada ya miezi mingi, na dada yake aliyekuwa jikoni akichambua omena alilisikia.

Tai chi ilianza nchini Uchina kama sanaa ya kujihami. Chimbuko lake huhusishwa na kijiji cha Chenjiagou katika jimbo la Henan, karne ya 17. Kadiri miaka ilivyopita, watu wengi waliiacha ngumi na kubaki na mwendo. Mwaka 1956 serikali ya Uchina ilitayarisha mfululizo mfupi wa mikao 24 ili wananchi wa kawaida waweze kujifunza, na mwaka 2020 UNESCO iliitia sanaa hiyo katika orodha ya turathi zisizogusika za binadamu. Mtu husimama magoti yakiwa yamelegea, huuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine, hupumua kwa tumbo wala si kwa mabega, na huifuatisha akili yake na mkono unaosogea. Asiyeweza kusimama huifanya akiwa ameketi.

Binti hakumfundisha mjomba wake siku hiyo. Alimpeleka kwanza kliniki, akamweleza daktari nia yao, daktari akampima Mwalimu, akaona hali yake imetulia, akaruhusu. Aliwapa masharti: aanze akiwa kitini, asifanye hadi ashindwe kuzungumza kwa kukosa pumzi, akisikia maumivu kifuani, kizunguzungu au moyo kwenda mbio, aache mara moja na kufika hospitalini. Kisha akaongeza kwamba asidhani ameandikiwa dawa mpya. Sharti hilo la mwisho ndilo Mwalimu aliloliacha mlangoni alipokuwa akitoka.

Majuma mawili ya mwanzo aliinua mikono tu, akiwa kitini, dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni. Katika juma la tatu alisimama, mkono mmoja ukiwa umeshika mgongo wa kiti. Kilichomshika zaidi ni majina ya mikao. Mpwa wake alimtafsiria: kutenganisha singa za farasi mwitu, korongo mweupe atandazaye mabawa, mikono inayopita kama mawingu. Mwalimu akasema kwamba tafsiri ni sahihi lakini haina makao, kwa kuwa hajapata kumwona farasi mwitu. Kwa upande wa korongo mweupe, alielekeza kidole malishoni, ambako yangeyange walikuwa wakifuata ng'ombe, akasema, "Huyu ndiye wetu." Tangu siku hiyo mkao ule ukaitwa yangeyange. Wa singa za farasi ukaitwa kutandaza wavu, maana mikono huachana kama ya mvuvi anayefungua wavu wake. Mawingu yaliachwa kuwa mawingu, kwani hayahitaji tafsiri mtu anapokuwa kando ya ziwa.

Majirani hawakukosa la kusema. Mzee mmoja wa kanisa alifika jioni kuuliza kwa upole kama ishara zile zina mizimu ya kigeni ndani yake. Mwalimu alimkaribisha kiti, akamfundisha kutandaza wavu, na mzee akaondoka akilalamikia magoti yake tu.

Je, tai chi inaufanyia nini moyo? Swali hili linataka jibu la uaminifu. Mwaka 2011, Dkt. Gloria Yeh na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya Boston, Marekani, kwa wagonjwa 100 wa moyo wa aina hii. Nusu walifanya tai chi kwa saa moja, mara mbili kwa juma, kwa majuma 12. Nusu nyingine walipewa mafunzo ya afya. Mwishoni, umbali ambao wagonjwa waliweza kutembea kwa dakika sita haukutofautiana kwa kiasi cha kutosha kati ya makundi hayo, wala kipimo cha hewa ya oksijeni ambayo mwili huweza kuitumia. Waliofanya tai chi, hata hivyo, walikuwa na nafuu kubwa zaidi katika hali ya maisha yao ya kila siku, katika furaha yao, na katika imani kwamba wanaweza kufanya mazoezi. Kwa maneno mengine, pampu haikuonekana kupata nguvu nyingi mpya. Mwenye pampu ndiye aliyepata.

Mpwa wake alipomsomea matokeo hayo, Mwalimu hakukata tamaa kama binti alivyohofia. Alicheka. Kwa Kidholuo, alisema, jambo hili halina fumbo. Moyo unaopiga kifuani ni adundo. Kile kinachofurahi, kinachoumia na kinachothubutu ni chuny, neno ambalo pia hutaja ini. Kiswahili kimeviweka vyote viwili katika neno moja. Moyo ndio unaosukuma damu, na moyo ndio unaokufa mtu anapokata tamaa, tena moyo ndio anaotiwa mtu anapofarijiwa. Daktari kijana wa Migori alikuwa amezungumza kuhusu adundo, na mgonjwa wake akasikia chuny. Kilichougua ni kimoja. Kilichokaa chini ya mwembe miezi minne ni kingine.

Ingekuwa vyema kama masimulizi haya yangeishia hapo. Hayakuishia. Kufikia mwezi wa tatu, Mwalimu alikuwa akitembea hadi ufuoni asubuhi na kurudi. Miguu ilikuwa imepungua, mito imebaki mmoja. Ndipo ulipokuja msiba wa rafiki yake huko Ndhiwa, na dawa za kutoa maji mwilini zina usumbufu wake safarini. Aliziacha siku hiyo ili asiwe mtu wa kutafuta choo matangani. Kesho yake hakuona tofauti. Jirani aliyekuwa amemwona akifanya mazoezi akamwambia, "Kama haya yanakuponya, vidonge ni vya nini?" Mwalimu akaona kuna hoja. Akaviacha vyote bila kumwambia mtu, akazidisha yangeyange.

Katika juma la pili, viatu vilikataa kufungwa. Mito ikarudi kuwa mitatu. Usiku mmoja, saa nane, dada yake alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mdomo wazi, akivuta hewa isiyotaka kuingia, midomo ikiwa imebadilika rangi. Jirani mwenye gari aliamshwa. Binti alikaa nyuma akiwa amemshikilia mjomba wake awe wima, naye, katika giza lile, Mwalimu alikuwa akijaribu kupumua kwa tumbo kama alivyofundishwa, na tumbo halikuitika. Hospitalini alipewa oksijeni na sindano za kutoa maji. Kulipopambazuka alikuwa hai.

Binti alikuwa akilia ukutani. Aliamini kwamba yeye ndiye aliyemdanganya. Mwalimu, alipopata sauti, alimwita na kumpa somo ambalo huenda ndilo bora zaidi alilowahi kulifundisha. Alimtaka aichanganue sentensi hii: Mgonjwa anameza dawa kwa utaratibu kila asubuhi. Binti akafuta machozi, akajibu kama mwanafunzi: kiima ni mgonjwa, kitenzi ni anameza, shamirisho ni dawa, na yaliyobaki ni chagizo. "Ondoa chagizo," akasema Mwalimu. Sentensi ikabaki: Mgonjwa anameza dawa. "Sasa rudisha chagizo, uondoe kitenzi." Hakuna kilichobaki chenye maana. "Basi," akasema, "tai chi yako ni chagizo. Hueleza ninaishi vipi. Mimi ndiye niliyeigeuza kitenzi."

Somo hilo lina uzito kuliko mzaha wake. Wengi huita mazoezi kama haya tiba mbadala, na neno mbadala humwambia mgonjwa kwamba anaweza kubadilisha: atoe hiki, aweke kile. Istilahi inayofaa ni tiba ya nyongeza, inayoongezwa juu ya dawa na kamwe haikai mahali pake. Dada yake, ambaye hajui chagizo wala kitenzi, alikuwa na maelezo yake yaliyotosha. Alimkumbusha kwamba katika hospitali ya umma ya Homa Bay, mwaka 2001, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. "Sisi watu wa hapa," alisema, "tuliwaona waliokwisha kuchimbiwa makaburi wakiinuka. Tukawaona pia wengine walioinuka, wakajiona wamepona, wakaacha vidonge. Ndugu yangu, kujiona mzima ni kazi ya dawa. Si ruhusa ya kuiacha."

Tangu hapo utaratibu wa nyumba ulibadilika. Mizani iliwekwa chumbani, na kila asubuhi Mwalimu hujipima kabla ya chai na kuandika uzito wake daftarini kwa kalamu nyekundu. Ukiongezeka kilo mbili katika siku tatu, hangoji miguu ivimbe, huenda kliniki. Chumvi ilipunguzwa. Lililokuwa gumu zaidi ni magadi, ambayo dada yake aliyatumia kulainishia mboga za kienyeji tangu usichana wake, na ambayo yana sodiamu ileile inayolaumiwa katika chumvi. Sasa mboga huiva polepole zaidi. Vidonge huliwa kwanza, ndipo yangeyange afuate.

Aliporudi Migori, alikwenda hospitalini kwa miadi yake na kumkuta daktari yuleyule. Daktari alimpima, akafurahi, akamuuliza alichofanya. Mwalimu alimsimulia, pamoja na kosa lake. Kisha akaomba ruhusa ya kusahihisha jambo moja dogo. Hakusema habari za hali timilifu. Alisema tu kwamba neno umeshindwa humfungia mtu mlango, na kwamba yako maneno mengine ambayo yanasema kweli bila kuufunga. Daktari akamuuliza ni yapi, akachukua kalamu.

Mwalimu alikuwa bado anafunga kamba za viatu vyake kwenye benchi la nje, taratibu, alipoitwa mgonjwa aliyefuata, mama wa makamo aliyevimba miguu. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. "Mama," sauti ya daktari ilisikika, "moyo wako unaelemewa."

Kimya kilipita kidogo. Kisha mama yule akauliza, "Sasa tuusaidie vipi?"